Wazee wa Delta na Amana ya Kusimamia Haki

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini mjini Kibiti)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Amma baad.



Tumeombwa tuzungumze juu ya wajibu wa Muislamu katika kusimamia haki za jamii anamoishi. Aghalabu mada ya namna hii hupambwa kwa mifano ya mbali. Msemaji huwataja wanaodhulumiwa katika nchi za watu, waumini wakasikitika, dua ikaombwa, kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake. Hatusemi kuwa ni vibaya kuwaombea ndugu zetu wa mbali. Lakini leo tumeona bora tuchukue mfano ambao kuufikia hapahitaji pasi ya kusafiria. Ukishuka Nyamisati na kupanda mashua, siku hiyo hiyo utakuwa umefika kwa watu walioutenda. Ni habari ya wazee wa delta ya Rufiji na mradi wa kambamiti.

Sisi tulio katika umri wa miaka thelathini na kitu, mambo haya yalipotokea tulikuwa watoto wa chuoni tunaohifadhi Juzuu Amma. Tulikua tukayasikia kama hadithi. Tukaenda kusoma, tukazama katika nahau na usulul-fiqhi, tukarudi na shahada. Na tunakiri mbele yenu kwamba katika miaka yote ile ya kusoma hukumu za ardhi na maji kwa Kiarabu, hatukuwahi kujiuliza ni kipi kilichofanyika kwetu katika ardhi na maji yetu.

NEEMA TULIYOPEWA

Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo imesimama mikoko ya hekta zaidi ya elfu hamsini, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote uliokaa pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo wanaishi watu wa Salale, Maparoni, Mbuchi, Msala, Kiongoroni, Mbwera na vijiji vingine. Wanalima mpunga pale ambapo maji baridi ya mto huyashinda nguvu maji ya chumvi, wanajenga madungu ya kulindia mashamba, wanavua samaki, kaa na kamba.

Kamba huyu ana siri ambayo mvuvi anaijua kabla ya mtaalamu. Hutaga baharini, lakini watoto wake huingia mitoni na kukulia chini ya mizizi ya mikoko, mahali penye chakula na kivuli, mpaka wapate nguvu ya kurudi baharini. Kwa hiyo aliyekata mikoko amebomoa nyumba ya kulelea kamba, na anayevua mbali kabisa na msitu naye atakosa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania imekuwa ikitoka katika maji yanayolishwa na delta hii.

MRADI WA KAMBAMITI

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilileta pendekezo la kufuga kambamiti katika delta. Kampuni iliomba eneo la takriban hekta 19,000, na gharama za mradi zilitajwa kuwa karibu dola milioni 200 za Kimarekani. Ulisemwa kuwa ungekuwa mmoja wa miradi mikubwa kabisa ya aina yake duniani. Mabwawa yangechimbwa, maji yangesukumwa kwa pampu kuingia na kutoka, na ndani yake kamba wangelishwa wakue kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa nje.

Tusiwadhulumu waliouleta wala waliouunga mkono. Ziliahidiwa ajira, barabara na huduma, na delta ilikuwa na njaa ya vitu hivyo vyote. Mtu ambaye amempakia mkewe mwenye uchungu wa kuzaa katika mtumbwi usiku, akasubiri maji yajae ndipo asafiri, huyo huwezi kumlaumu akisikia neno zahanati moyo wake ukayumba. Hata wana-delta wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wapo waliosema tuupokee, na mbunge wa wakati ule alikuwa upande wa mradi.

Lakini wengi waliuliza maswali. Mashamba yetu ya mpunga yaliyo ndani ya eneo hilo yatakuwaje? Maji machafu ya mabwawa, yenye masalia ya chakula na dawa, yatamwagwa wapi kama si katika mto tunaokunywa? Nchi nyingine, kama Thailand na Ecuador, zilikuwa zimekwisha kukata mikoko kwa ajili ya mabwawa kama hayo, na baada ya miaka michache maradhi ya kamba yakayafanya mengi yaachwe, mikoko imekwenda na kamba hawapo. Je, sisi tutabaki na nini mwekezaji akishaondoka?

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, baada ya kupitia tathmini ya mradi, lilishauri usikubaliwe. Pamoja na ushauri huo, mwishoni mwa mwaka 1997 Serikali iliukubali mradi kwa masharti. Wakati ule sheria ya mazingira tuliyonayo sasa, ya mwaka 2004, ilikuwa haijatungwa. Neno la wataalamu lilikuwa ushauri tu.

Hapo ndipo wazee wa delta walipofanya jambo ambalo tunataka kila kijana aliyemo humu alihifadhi kama anavyohifadhi sura. Hawakuchoma kitu. Hawakumpiga mtu. Walikaa vikao, wakabishana, wakaandikisha majina, wakasafiri hadi Dar es Salaam katika zama ambazo barabara ya kusini ilikuwa tope na Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijajengwa. Waandishi wa habari za mazingira wa chama cha JET waliandika habari zao. Wanasheria wa LEAT walisimama nao. Na mwaka 1998 wakazi wa delta, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuingia mahakamani maishani mwao, walifungua kesi Mahakama Kuu kupinga mradi.

Mradi ule haukutekelezwa. Ilipoingia miaka ya 2000 ulikuwa umekwisha nguvu, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likatambuliwa kimataifa kuwa ardhioevu yenye umuhimu, chini ya Mkataba wa Ramsar. Hatudai kwamba kesi peke yake ndiyo iliyouzuia, kwani mradi mkubwa huwa na sababu nyingi za kuanguka, na fedha ni mojawapo. Tunachodai ni kwamba siku historia ilipouliza kama watu wa delta walikubali, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa, nalo lilikuwa na majina chini yake.

UMAR (R.A.) NA MALISHO YALIYOHIFADHIWA

Atakuja mtu aseme: mikoko ni hifadhi ya Serikali, na imekuwa hivyo tangu zama za Wajerumani, mwananchi ana neno gani katika mali ya Serikali? Swali hili tusilikwepe, kwa sababu ni la kifiqhi, na lina jibu katika vitabu tulivyovisoma.

Katika Uislamu kiongozi anaruhusiwa kutenga eneo la malisho kwa maslahi ya wote, na eneo hilo huitwa hima. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa na hima, na alimweka mtumishi wake aitwaye Hunayy kuisimamia. Imamu Bukhari ameipokea habari ya wasia aliompa. Alimwamrisha awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Alimwamrisha amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya watu wawili, Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hawa ni katika Masahaba wakubwa kabisa, waliobashiriwa Pepo. Kosa lao halikuwepo. Sababu aliyoitoa Umar ni kwamba hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama masikini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa Khalifa, na maji na majani ni mepesi zaidi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha za hazina. Na akakiri kwamba watu wale wanamwona amewadhulumu, kwa kuwa nchi ile ni yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu wakiwa juu yake.

Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tuliichambua irabu yake, tukafaulu mtihani. Tulipoirejea tukiwa hapa Kibiti ndipo tulipoielewa. Kwa Umar hifadhi ilifungwa mbele ya tajiri na ikafunguliwa kwa masikini. Sasa ipime na delta ya mwaka 1997. Mwana-delta aliyetaka boriti za kujengea nyumba yake alitakiwa kuwa na kibali, naye aliyetaka maelfu ya hekta akakaribishwa mezani. Mizani ilikuwa imegeuzwa chini juu. Wazee wetu hawakuwa na Sahihul-Bukhari mikononi mwao wengi wao, lakini waliiona kwa macho mizani ile imepinda, wakaishika waitengeneze.

KUSHIRIKIANA NA WASIO WA DINI YETU

Jambo la pili ambalo baadhi ya ndugu zetu hulitilia shaka ni ushirikiano. Wanasheria na waandishi waliosimama na wazee hawakuwa jumuiya ya Kiislamu, na mahakama ile si ya kadhi. Je, ilifaa?

Turejee Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alileta bidhaa zake, akazinunua Al-Aas bin Wail, naye akakataa kulipa. Mgeni hakuwa na kabila la kumtetea pale. Akapanda mlima Abu Qubays akapaza sauti ya malalamiko. Wakainuka watu, wakakusanyika katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kiapo hicho ndicho kiitwacho Hilful-Fudhul. Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume aliendelea kukisifu, akieleza kuwa hata katika Uislamu angeitwa kwenye mfano wake angeitika.

Wale walioapa walikuwa washirikina, na nyumba haikuwa msikiti. Lakini haki ilikuwa haki. Basi aliyekuja na elimu ya sheria kumsaidia mjane wa Mbwera alinde shamba lake la mpunga, hatumuulizi kwanza anaswali wapi.

MIAKA YA HOFU

Ndugu zetu, tungependa tuishie hapo na kujipongeza. Lakini amana haituruhusu.

Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, damu ilimwagika. Wenyeviti wa vijiji, watendaji, viongozi wa vyama na askari waliuawa. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja hapa kwetu, wakiwa katika kazi yao. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyemzaa. Yaliyofuata baada ya hapo nayo yaliacha vilio: zipo familia zinazosema watu wao walichukuliwa na hawakurudi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za Kibiti, alitoweka Novemba 2017, na hadi leo hajaonekana.

Tunalitamka hili kwa uwazi: nafsi aliyoiharamisha Mwenyezi Mungu haiuliwi ila kwa haki, na mwenye kumvizia mtendaji wa kijiji usiku hana hoja mbele ya Mola wake, hata kama ana malalamiko ya kweli juu ya ardhi, uvuvi au mkaa. Vilevile mwenye mamlaka haruhusiwi kumchukua mtu bila kumfikisha mbele ya sheria. Katika Suratul-Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametukataza chuki yetu juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Katazo hilo halikumtoa raia wala askari.

Lakini tazameni pia kilichokufa pamoja na waliokufa. Mikutano ya vijiji ilipungua watu. Mwenyekiti aliogopa kuitisha, mwananchi aliogopa kuinua mkono, na msikitini tukajifunza kuzungumza juu ya udhu na hedhi tu. Nchi ambayo mwaka 1998 watu wake waliandika majina yao hadharani, miaka ishirini baadaye mtu aliogopa jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote. Muuaji alituibia watu, na akatuibia mkutano. Na panapokosekana mkutano, dhulma haihitaji tena bunduki. Inatosha kuwa na peni.

SAINI YETU

Hilo la peni tunalijua kwa sababu lilitupata.

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika kijiji kimoja, tusichokitaja, tufungue mkutano kwa dua. Walikuja wageni wenye mradi wao. Tukasoma dua, watu wakaitikia amin. Ikapitishwa karatasi, tukaandika jina na kutia saini kama walivyofanya wengine. Tukapewa soda na posho. Maswali yalipoanza, adhuhuri ilikuwa imekaribia, tukaomba ruhusa tukaondoka. Tulijiona tumetenda jambo la kheri.

Baada ya miezi kadhaa alikuja chuoni bibi mmoja ambaye mjukuu wake anasoma kwetu. Amebeba karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa nakala ya muhtasari wa mkutano ule, na orodha ya mahudhurio ilikuwa imeambatanishwa chini ya maneno yasemayo kwamba wafuatao wamekubali eneo litolewe. Jina letu lilikuwa la pili. Shamba lake la mpunga lilikuwa ndani ya eneo hilo. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Maalim, hii ndiyo dua mliyotusomea?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tunaofundisha aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo yote inahusu kuandika makubaliano, mwandishi mwadilifu na mashahidi, tulitia saini karatasi ambayo hatukuisoma.

Bibi yule na wenzake walidai Mkutano Mkuu wa Kijiji uitishwe. Uliitishwa. Muhtasari ukasomwa kwa sauti mbele ya watu, na tukasimama mbele ya wanafunzi wetu na wazazi wao tukasema kuwa saini yetu ilikuwa ya mahudhurio, hatukukubali chochote, na tulikosea kuondoka. Wengine nao wakasimama wakasema hivyo hivyo. Muhtasari ukaandikwa upya. Shamba la bibi yule liko mikononi mwake hadi leo. Lakini jirani zake wawili walikuwa wamekwisha kupokea fedha kidogo na kuhama, kwa kuwa waliambiwa kila mtu amekubali, hata maalim. Hao saini yetu hatuwezi kuirudisha kwao, na Siku ya Hesabu tunalo la kujibu.

YANAYOTUPASA

Tuna haja kubwa ya mafunzo haya sasa. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliingia Rufiji na Kibiti, yakazoa mazao na nyumba, na watu wa mabondeni wakahimizwa kuhamia miinukoni. Wazee wanakumbuka kuwa baada ya mafuriko ya mwaka 1968 pia watu wa bonde walihamishwa, na wengi wakaendelea kuteremka kulima mlau, kwa kuwa riziki yao ilibaki kule kwenye udongo ulioachwa na maji. Juu ya mto sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kila siku yatakuja maamuzi juu ya maji, viwanja, mikoko na mashamba. Mengine yatakuwa na kheri na mengine yatakuwa na madhara, na hatutayatofautisha tukiwa hatupo yanapoamuliwa. Basi tunausia mambo matano.

Kwanza, tuhudhurie. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, na hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo, na ardhi ya kijiji haihamishwi kabla fidia haijaafikiwa. Sheria hii haikuwepo wakati wazee walipokwenda mahakamani. Wao walipigana mikono mitupu, sisi tumepewa silaha na tumeiacha kabatini. Imamu atangaze siku ya mkutano baada ya Ijumaa kama anavyotangaza harusi na maziko.

Pili, tusome kabla ya kutia saini, na tumsomee asiyejua. Kila darasa la madrasa lina kijana anayesoma vizuri. Kumsomea bibi muhtasari ni ibada. Na karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake kuwa ni ya mahudhurio.

Tatu, tuweke kumbukumbu. Msikiti uwe na daftari na bahasha: nakala za mihtasari, orodha ya waliopoteza mashamba kwa mafuriko na ukubwa wake, majina ya wasiojulikana walipo na siku walipoonekana mara ya mwisho. Tuandike kweli tupu. Aliyepoteza ekari moja asiandike tatu, kwa maana uongo mmoja huwaharibia wakweli mia moja.

Nne, tuwasikilize wanawake. Mpunga wa delta kwa sehemu kubwa hulimwa na mikono yao, na mwanamume ndiye anayekwenda kuujadili. Khawla bint Tha'laba (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia majadiliano yake kutoka juu ya mbingu saba, ikateremshwa Suratul-Mujadila. Mola amemsikiliza mwanamke mwenye shitaka, sisi ni nani tumnyamazishe mkutanoni?

Tano, tusidai haki kwa dhulma. Asiyekubaliana nasi si adui. Katika vikao vya wazee walikuwemo waliotaka mradi, na baada ya yote waliendelea kuzikana, kuoana na kuswali safu moja. Mtume (s.a.w.) aliwapigia watu mfano wa chombo kilichogawanywa juu na chini: wa chini wakitaka kutoboa tundu la kuchotea maji, na wa juu wakawaacha, wote huzama. Sisi watu wa mashua mfano huu hatuhitaji kufasiriwa. Tunaongeza tu kwamba mkono wa kumzuia mwenzio asitoboe ni mkono wa kumshika, si wa kumtupa majini.

Ndugu zetu, wazee wale wengi wametangulia mbele ya haki. Hawakuacha majumba. Waliacha mikoko imesimama, kamba wanaingia na kutoka, na karatasi zenye majina yao. Kijana anayevua leo Simba Uranga anakula katika jasho lao bila ya kuwajua. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea. Nasi swali letu ni jepesi: mtoto anayehifadhi Juzuu Amma mwaka huu, akifika umri wetu, atakuta majina yetu yameandikwa chini ya maneno gani?

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu waliosimama kwa ukweli. Waliouawa kwa dhulma, raia na askari, uwape jamaa zao subira. Waliopotea, uwarudishe, au uwape familia zao kuijua habari yao. Utusamehe saini tulizozitia bila kusoma na maneno tuliyoyanyamazia kwa hofu. Utujaalie tuwe katika wenye kushauriana kwa wema na kutoa ushahidi kwa uadilifu, hata kama ni juu ya nafsi zetu. Amin.